Macho Mawili Upande Mmoja

Salma: Asalaam aleikum, jamaa zangu. Samaki huyu nimemnunua asubuhi kwa mvuvi hapa Tanga. Ni bapa kama sahani, macho yote mawili yako upande wa kushoto, na upande wa pili ni mweupe mtupu. Jirani yangu anasema amezaliwa na kilema, nami ninaogopa kumpika.

Bibi: Waaleikum salaam, mjukuu wangu. Huyo hana kilema chochote. Ni gayogayo, na wote ndivyo walivyo.

Mjomba: Shikamoo, Mama. Salma, Bibi amesema kweli. Gayogayo anapoanguliwa huwa na jicho kila upande na huogelea wima kama samaki wengine, lakini akikua kidogo jicho moja huhama taratibu hadi upande wa pili, kisha yeye hulalia mchangani ule upande uliobaki bila jicho.

Salma: Shikamoo, Mjomba. Nitajuaje kwamba ni gayogayo hasa, wala si bapa wa aina nyingine?

Mjomba: Marahaba. Mpanue kinywa: ni kikubwa, chenye meno makali, kwa kuwa huwinda samaki wadogo. Jicho lililohama halikufika mbali, limekomea ukingoni mwa kichwa. Na pezi la mgongoni linaanzia nyuma kabisa ya jicho, ilhali kwa bapa wengi huanzia kichwani. Wanasayansi humwita Psettodes erumei. Upande wa macho usikudanganye, maana wengine wa aina hiyo hiyo huwa nayo kulia.

Bibi: Mweleze pia yule mwenye maziwa.

Mjomba: Naam, Mama. Huyo ni Pardachirus marmoratus, mwenye kinywa kidogo na macho upande wa kulia, ambaye akisumbuliwa hutoa ute mweupe wenye sumu kwenye mashina ya mapezi. Mtaalamu wa Marekani, Eugenie Clark, alimchunguza katika Bahari ya Shamu miaka ya 1970, akaona papa akimdaka kisha akishindwa kufunga taya.

Salma: Nimemtazama vizuri. Meno yapo, jicho liko ukingoni, na nilipobonyeza mashina ya mapezi hapakutoka ute wowote.

Bibi: Basi mpare magamba, umtie ndimu na chumvi. Lakini kabla hujamkata, mwite jirani yako aje amtazame lile jicho.