Utando wa kitosani unaua bakteria kwenye agari lakini unashindwa kwenye nyama

Mwanafunzi_Vifungashio aliuliza:
Habari zenu. Ninatengeneza utando wa kufungashia chakula kwa kitosani, polima asilia inayotokana na maganda ya kamba wa baharini. Ninaiyeyusha katika asidi asetiki ya asilimia 1, ninaongeza gliseroli ili utando usiwe mkavu wa kuvunjika, kisha ninachanganya mafuta ya karafuu na kuumimina ukauke. Kwenye agari (jeli ya kukuzia bakteria maabara), duara lisiloota bakteria huonekana wazi kuzunguka kipande cha utando. Nikifunika nyama mbichi, bakteria hupungua kidogo tu, tena utando huvimba na kulegea. Je, kasoro iko kwenye kipimo au kwenye utando?

Mkemia_Chakula alijibu:
Iko kwenye vyote viwili, ila mimi ningeanza na kipimo. Duara lile huonyesha tu kile kinachoweza kusambaa ndani ya agari, yaani eujenoli, kemikali kuu ya mafuta ya karafuu. Kitosani ni molekuli kubwa isiyosogea, na huua bakteria wale tu inaogusana nao. Ndani ya nyama, eujenoli huingia kwenye mafuta na kushikamana na protini, hivyo kinachobaki katika maji, ambamo bakteria hukua, huwa kichache. Isitoshe, eujenoli ni tete, na sehemu yake huenda hewani wakati wa kukausha; pima kiasi kilichobaki, usitegemee kile ulichotia mwanzoni. Tengeneza pia utando usio na karafuu kwa ajili ya kulinganisha, uhesabu bakteria kwenye nyama yenyewe katika kipindi chote cha kuihifadhi kwenye baridi.

Fundi_Polima alijibu:
Kuhusu kuvimba: asidi iliyosalia ndiyo inayoufanya utando uyeyuke. Ukiuchovya katika sodiamu haidroksaidi hafifu na kuusuuza, hautayeyuka tena katika maji ya kawaida, lakini utapoteza chaji chanya ambazo ndizo silaha ya kitosani dhidi ya bakteria. Kwa sababu hiyo napendelea tabaka mbili: nje asidi ya polilaktiki (plastiki inayoweza kuoza) inayostahimili unyevu, ndani kitosani nyembamba inayogusa chakula. Gliseroli nayo ipunguze, kwa kuwa huvuta maji.

Mwanafunzi_Vifungashio:
Nashukuru sana. Je, tabaka hilo la nje halitaharibu sifa ya kuoza?

Mkemia_Chakula:
Inategemea utaoza wapi. Asidi ya polilaktiki huoza vizuri katika mboji ya kiwandani yenye joto la takriban nyuzi 58 za Selsiasi, lakini katika udongo wa kawaida huchukua muda mrefu mno. Kiwango cha Ulaya cha vifungashio vinavyooza, EN 13432, hudai asilimia 90 ya kaboni ya mada igeuke kaboni dioksaidi ndani ya miezi 6. Jaribu utando ukiwa na karafuu yake, kwa kuwa kinachozuia bakteria wa nyama kinaweza kuwachelewesha na wale wa mboji.