Ukurasa unaganda mtu akitafuta kwenye jedwali, nitumie Web Worker?

mchapakodi: Wakuu habari za muda huu. Nina ukurasa ambao mtu anapakia faili la CSV (jedwali la maandishi yaliyotenganishwa kwa koma) lenye maelfu ya mistari halafu anatafuta humohumo, sasa akiandika herufi moja tu kila kitu kinaganda, hata kale kaduara ka kusubiri hakazunguki, herufi zinakuja kutokea zote kwa mkupuo. Fankshoni nimeiwekea async, Promise nimejaza kila mahali (zile za JavaScript za kusubiri kazi bila kuziba), wapi, hali ileile. Naambiwa woka (Web Worker, kodi inayokimbia pembeni kwenye uzi wake) ndo dawa, kweli au najitafutia kazi?

nyuzinyuzi: Async haihamishi kazi mkuu, inaisogeza mbele tu. Kodi yako, kupanga ukurasa, kuchora na kupokea mibofyo vyote vinapita uzi mmoja, yaani kimoja baada ya kingine, ukiushikilia nusu sekunde hakuna wa kukachora hako kaduara. Usikisie, fungua kichupo cha Performance kwenye DevTools za Chrome, rekodi huku unaandika, kazi inayozidi milisekunde 50 utaiona ina alama nyekundu. Kama kinachokula muda ni kusoma CSV na kuchuja, peleka kwa woka. Kama ni kuchora safu elfu kadhaa basi woka haikusaidii chochote maana DOM, yaani vitu vyenyewe vya ukurasa, haiigusi kabisa, hapo chora zile zinazoonekana kwenye skrini basi.

bi_brauza: Naongezea hapo, postMessage, ile njia ya kutumiana data na woka, inanakili data, na kunakili kwenyewe kunakula uzi uleule unaotaka kuuokoa. Nimeona watu wanatuma jedwali zima kila herufi halafu wanasema woka ni uongo 😂 Mpe woka faili lenyewe alisome hukohuko na data ikae kwake, wewe unamtumia neno linalotafutwa tu, yeye anarudisha safu za kwanza mia hivi. Na kila ombi lipe namba, jibu la neno la zamani likichelewa unalitupa, la sivyo mtu anaandika "mar" anaonyeshwa matokeo ya "ma". Ukiwa na ArrayBuffer (kipande cha data ghafi) kubwa unaweza kuikabidhi bila kunakili, ila ukishaikabidhi upande wako inabaki tupu.

sina_haraka: Na skripti za watu je, matangazo na takwimu? Mara nyingi hizo ndo mzigo kuliko hata kodi yako. Kuna maktaba inaitwa Partytown inazihamishia kwenye woka, ila jaribu moja moja, kuna zinazogoma. Tena tangu Machi 2024 Google wanapima INP (muda ukurasa unaochukua kuitikia mtu akibofya au kuandika) badala ya FID (ucheleweshaji wa mbofyo wa kwanza tu), ukivuka milisekunde 200 ushatoka kwenye "nzuri".

mchapakodi: Nimerekodi. Nyekundu ndefu kuliko zote ni kuchuja, ila kuna nyingine inafuata, nachora safu zote kila herufi 🙈 Nianze na ipi?

nyuzinyuzi: Kuchora. Haihitaji woka na utaona tofauti leoleo.