Tupeane uzoefu: ulishawahi kurekodi polisi Kenya hapa, ikakuwaje?

Naanza mimi. Jioni stejini, polisi wawili wamemshika kijana wa boda kwa kola wanamwambia atoe elfu mbili, nami niko ng'ambo ya barabara nikatoa simu nikarekodi. Mmoja akavuka akaninyang'anya, eti kurekodi polisi ni kosa, nikamuuliza ni sheria gani hakunijibu, akafuta video ndo akanirudishia simu kioo kimepasuka kwa kona. Roho iliniuma sana. Baadaye nikasoma katiba, kifungu cha 33 kinakupa uhuru wa kutafuta na kutoa habari, cha 31 kinasema vitu vyako visichukuliwe ovyo.

Mdau wa Kisauni: Pole ndugu yangu. Siku nyingine fungua pale zinapokaa zilizofutwa, simu nyingi huzihifadhi kama siku 30 hivi, mimi yangu niliipata huko huko.

Mdau wa Nakuru: Hawatakushtaki kwa kurekodi, watasema umemzuia afisa kufanya kazi. Mimi nililala ndani usiku mmoja kwa hilo, asubuhi wakaniachilia bila kesi maana kifungu cha 49 kinawataka wakupeleke kortini ndani ya saa 24 na hawakuwa na kitu. Sasa nasimama mbali halafu nasema kwa sauti, afande niko huku sikuzuii, ili hata hiyo iingie kwa video.

Mama wa Likoni: Yangu ilikuwa ya mpwa wangu akipigwa na polisi. Mkono ulitetemeka picha yote ni viatu tu, lakini sauti ya kofi na yeye akilia vilisikika vizuri. Kosa nililofanya nikaituma WhatsApp nikafuta ile ya kwanza, wakili akaniambia sheria ya ushahidi, 106B, inataka cheti cha kueleza ilirekodiwa na simu gani na imefikaje kortini. Tukahangaika sana jamani.

Mdau wa Nairobi: IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, ndo wa kupelekewa malalamiko, wapo kwa sheria ya 2011. Na mkumbuke Juni 2025 yule muuza barakoa aliyepigwa risasi kichwani mchana kweupe katikati ya jiji, bila zile video nani angeamini?

Mimi mwenye mada nauliza: Mama wa Likoni, hicho cheti anasaini nani?

Mama wa Likoni: Mimi niliyerekodi ndo nilisaini, wakili aliniandalia tu. Simu yenyewe usiiuze kwanza mwanangu, wanaweza kuiitisha.