Naomba ushauri: hedifoni zinatoa sauti, lakini maikrofoni yake haionekani kwenye Ubuntu

Ndugu wataalamu na watumiaji wenzangu wa Linux, habari za kazi. Ninatumia kompyuta mpakato yenye Ubuntu 24.04, ambayo ina tundu moja tu la milimita 3.5 kwa ajili ya hedifoni na maikrofoni kwa pamoja. Ninapochomeka hedifoni zangu, ambazo plagi yake ina mistari mitatu myeusi na ambazo hufanya kazi vizuri kwenye simu, ninasikia kila kitu bila tatizo, lakini maikrofoni inayoonekana kwenye mipangilio ni ile ya ndani pekee, nayo hunasa mvumo wa feni kuliko maneno yangu.

Nimepitia wasifu wote wa kadi ya sauti katika pavucontrol, programu ya kudhibiti sauti. Nimefungua alsamixer, kidhibiti sauti cha kwenye terminali, nikabonyeza F4 ili kuona sehemu za kurekodi na kuhakikisha kwamba hakuna sehemu ya kurekodi iliyozimwa. Kisha nikawasha upya huduma za PipeWire na WirePlumber, zinazosimamia sauti kwenye mfumo. Hali haikubadilika. Adapta ya USB niliyoazima kwa jirani, ambayo sina budi kuirudisha, iliitambua maikrofoni papo hapo, kwa hiyo sidhani kwamba hedifoni ni mbovu.

Je, niongeze mstari wa "options snd-hda-intel model=" (unaokiambia kiendeshi cha sauti aina ya kadi) katika faili ndani ya /etc/modprobe.d, na kama ndivyo, nitajuaje thamani inayoifaa kadi yangu? Au ni salama zaidi kubadilisha kazi ya pini ya tundu hilo kwa hdajackretask, programu ya kupanga upya matumizi ya matundu ya sauti? Matokeo ya "cat /proc/asound/card*/codec*", yaani maelezo ya chipu ya sauti, ninayo, nitayaweka yakihitajika.

Natanguliza shukrani.