Kwa nini jani la mninga hulishinda la mwembe kwa gramu, lakini si kwa eneo?

Mwanamisitu ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninasomea misitu, na katika mradi wangu ninalinganisha majani ya mninga, ambao hupukutika wakati wa kiangazi, na ya mwembe, ambao huwa na kijani mwaka mzima. Eneo la kila jani nililipata kwa kulichora kwenye karatasi ya miraba, kisha nikalikausha na kulipima uzito. Kasi ya usanisinuru, yaani jani kutumia mwanga kujitengenezea chakula, ilipimwa kwa kifaa cha maabara kabla ya kuchuma. Nikiigawanya kasi hiyo kwa uzito mkavu, mninga unaongoza kwa mbali, lakini nikiigawanya kwa eneo, tofauti inakaribia kutoweka. Nitumie kipimo kipi? Na kwa nini mti utengeneze majani mazito ikiwa hayauongezei kasi?

Mwalimu wa Mimea amejibu:

Tumia vyote viwili, kwa kuwa vinajibu maswali tofauti. Eneo ndilo linalopokea mwanga. Uzito ni gharama ambayo mti umeingia ili kulijenga jani. Tuchukulie majani mawili yanayonasa mikromoli 12 za hewa ya ukaa kwa mita ya mraba kwa sekunde, moja likiwa na gramu 60 kwa mita ya mraba na la pili gramu 120. Kwa eneo yanalingana kabisa. Kwa gramu, la kwanza linapata mikromoli 0.2 na la pili 0.1 tu.

Uzito huo wa ziada haukuwekwa bure. Sehemu yake kubwa ni kuta nene za seli na nyuzi za vishipa, ambazo hazifanyi usanisinuru zenyewe, tena huipunguzia kasi hewa ya ukaa inapopenya kwenda kwenye kloroplasti, chembe za kijani ambamo usanisinuru hufanyika. Ndiyo maana pia gramu moja ya jani zito kwa kawaida huwa na naitrojeni kidogo, na naitrojeni ndiyo inayojenga rubisko, kimeng'enya kinachoinasa hewa hiyo. Lakini jani la namna hiyo halichaniki wala kutafunwa kwa urahisi, kwa hiyo hudumu. Jani la mninga halina budi kurudisha gharama yake ndani ya msimu mmoja, ilhali la mwembe linaweza kukaa mtini zaidi ya mwaka na kurudisha gharama polepole.

Mwaka 2004 Ian Wright na wenzake walichapisha katika jarida la Nature ulinganisho wa spishi 2,548 kutoka maeneo 175 duniani. Uzito wa jani kwa mita ya mraba ulianzia gramu 14 hadi 1,500, na umri wa jani ulianzia chini kidogo ya mwezi mmoja hadi miezi 288. Mwelekeo wa jumla ulikuwa huo unaouona: jani likiwa zito, huishi zaidi na kasi yake kwa gramu hushuka.

Mkaa Shambani amejibu:

Naomba kuongeza jambo la sampuli, maana hapo ndipo matokeo mengi huharibika. Majani ya juu yanayopigwa na jua huwa manene na madogo kuliko ya ndani yenye kivuli, hata kwenye mwembe mmoja, hivyo ukichuma ya juu kwa mti mmoja na ya chini kwa mwingine, utakuwa umepima kivuli badala ya spishi. Acha pia majani machanga ya mwembe, yale mekundu yaliyolegea na kuning'inia, kwa sababu uwezo wao wa usanisinuru bado ni mdogo sana. Kwa mninga, ambao jani lake ni la vijani vingi, eleza wazi kama ulipima vijani peke yake au pamoja na mhimili wake.

Mtu wa Pwani amejibu:

Ukipanua mradi hadi pwani, usihusishe majani mazito na ardhi kavu pekee. Mkoko husimama kwenye maji ya bahari na bado majani yake ni manene kama ngozi, kwa kuwa maji yenye chumvi ni magumu kuyavuta na mti hulazimika kuyatumia kwa uangalifu. Mchu, mti mwingine wa mikoko, hutoa chumvi kupitia majani yenyewe, na punje zake huonekana juu ya jani siku ya jua kali. Yasuuze haraka kwa maji baridi na kuyafuta kabla ya kuyakausha, la sivyo utaihesabu chumvi kama uzito wa jani.