Kamaliza S6, sasa aende wapi? Tupeane uzoefu

Mama wa Bombo
Hamjambo wapendwa. Kitinda mimba wangu alifanya mtihani wa S6, mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Uganda, matokeo ya UNEB, baraza la mitihani, yametoka, ana pointi 17. Alisoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Baba yake anataka daktari, shangazi yake wa Arua anataka daktari, imamu wetu naye keshaanza kumwita "dokta" mbele za watu. Mwenyewe ukimuuliza anasema "sawa tu." Hiyo "sawa tu" ndiyo inayoninyima usingizi. Mpaka vyuo vifunguliwe Agosti yuko hapa nyumbani, yeye na simu. Naomba mliopita huko mnisimulie yaliyowapata. Mawaidha ninayo ya kutosha.

Kaka wa Mengo
Dada, uliza kwanza hiyo 17 imetoka wapi. Mimi na rafiki yangu wa bweni tulipata 17 kila mmoja, PCB hiyohiyo. Mimi nilikuwa na A ya Fizikia, B ya Biolojia, C ya Kemia. Yeye A ya Biolojia, A ya Kemia, D ya Fizikia. General Paper, ile karatasi ya maarifa ya jumla, na somo dogo tulifaulu wote, pointi moja moja. Sasa ukiomba udaktari Makerere, Biolojia na Kemia zinazidishwa mara 3, Fizikia mara 2 tu. Mimi nikatoka na 41, yeye 44, ukiacha zile sehemu ndogo za pointi zinazotoka kwenye matokeo ya S4, sekondari mwaka wa nne. Yeye akaingia kwa kujilipia, mimi hata kujilipia sikuitwa. Mabinti wenzetu wao waliongezewa pointi 1.5 kwa kuwa ni wasichana, haya. Mwaka mzima nilijiona nimeonewa, kumbe nimeangushwa na jedwali la kuzidisha. Nikaenda Gulu kusoma kilimo, na sijuti. Kaeni na kalamu kabla hamjajaza fomu.

Mtunza Daftari
Yangu ni ndefu, mnivumilie.

Nilisoma PCM, Fizikia, Kemia na Hisabati, kwa sababu mzee alitaka mhandisi. Nilipomaliza akanipeleka gereji ya rafiki yake pale Ndeeba, eti nianze uhandisi mapema. Fundi mkuu alikuwa hajavuka P7, darasa la saba. Gari likiletwa na mlio usioeleweka, alichukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anaubana sikioni, anafumba macho. Halafu anasema, "Bearingi ya alteneta." Wanafungua, kweli bearingi ya alteneta. Akanipa bisibisi nami nisikilize. Nilisikia injini inanguruma, basi. Wiki ya kwanza hivyo, mwezi wa pili hivyo. Kulikuwa na kijana mdogo kuliko mimi, hana hata cheti cha S4, yeye aliisikia. Niliona wivu, kisha nikaona aibu, mwishowe nikaona nimechoka.

Lakini palikuwa na daftari. La kurasa 96, limejaa grisi, ndimo walimoandika vipuri vilivyochukuliwa kwa mkopo kule soko la vipuri la Kisekka na wateja wasiomaliza kulipa. Hakuna aliyelipenda. Siku moja mvua imenyesha, hakuna gari, nikaanza kulipanga upya. Nikagundua brekipedi zinanunuliwa, zinafungwa kwenye gari, na nusu ya wateja wamelipia ufundi tu, kipuri kimesahaulika. Fundi mkuu nilipomwonyesha alikaa juu ya tairi akanyamaza muda mrefu. Tangu siku hiyo sikushika tena spana, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Kumwambia mzee ilikuwa kazi. Siku mbili hakunisemesha, hata salamu anaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Kama ni hesabu, basi uzisome vizuri." Nikafanya diploma ya uhasibu, leo natunza vitabu vya gereji tatu. Bila ile miezi ya Ndeeba sasa hivi ningekuwa mhandisi mbovu mahali fulani, na nyinyi mnapita juu ya daraja langu.

Mwalimu wa Kasese
Baba naye msimlaumu sana. Kwa udhamini wa serikali nafasi ni kama 4,000 kwa nchi nzima, na mzazi anajua asiyepata hapo itabidi auze kitu. Anayeuza shamba anataka jina analolijua: daktari, wakili, injinia. Mimi shule ndiyo iliyonichagulia kombinesheni S5, walisema HEG, Historia, Uchumi na Jiografia, imejaa, nikasukumwa kwingine. Miaka miwili nilisoma vitu ambavyo hata sasa sijui ni vya nini. Ila mama, huo mkopo wa elimu ya juu wa serikali ulizeni mapema. Unalipa ada ya chuo, chakula na kodi ya chumba haulipi, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Binti wa Bukavu
Mimi niko Isingiro, nilimaliza sekondari Kongo. Hakuna aliyeniambia kuwa cheti chetu lazima UNEB wakilinganishe kwanza na cha huku. Nikaenda chuoni na karatasi yangu ya Kifaransa, nikarudishwa, mwaka ukapita hivyo. Wenye watoto waliosomea nje, hilo fanyeni kabla ya yote.

Dada wa Busia
Nilimaliza S6 nikaingia mpakani kuuza vitenge, nyumbani wakanihesabu nimepotea. Nilipofika miaka 27 nikafanya mtihani wa watu wazima, ule wa walio na miaka 25 na zaidi, nikapita. Darasani waliniita mama. Waliokuwa wakiniita mama ndio waliokuja kukopa nauli kwangu.

Mjomba Koboko
Hahaha. Mimi nilikwenda kyeyo, kibarua cha ughaibuni, Dubai, sina la kumfundisha mtu. Ila hiyo "sawa tu" naijua, niliisema mimi kwa baba yangu. Maana yake ni "sijawahi kuona kazi hiyo ikifanywa."

Mama wa Bombo
Nimerudi, wiki tatu zimepita. Maneno ya Mjomba yalinichoma, nikampeleka kijana kwenye kliniki ya jamaa yetu Wobulenzi. Siku ya kwanza alifagia na kuhesabu vidonge. Akarudi, akala, akalala. Siku ya pili waliingiza mtoto aliyeungua na uji, kijana wangu akatoka nje na hakurudi ndani mpaka jioni. Nikasema basi, nimeharibu.

Wiki iliyofuata akaanza kuchelewa kurudi. Nikapiga simu, nikaambiwa yuko kwenye kichumba cha nyuma na yule dada anayepima malaria, anamfundisha kupaka tone la damu juu ya kioo na kulitafutia vimelea kwenye hadubini. Jana usiku kaja jikoni mwenyewe, hakuitwa, akanieleza vinavyoonekana, kama pete ndogo ndani ya chembe ya damu, kanichorea kwa kidole kwenye unga wa muhogo. Nikamuuliza, wagonjwa je? Akasema, "Mama, wagonjwa nawaogopa. Damu yao siiogopi."

Baba yake kauliza kama maabara kuna mshahara. Nimemwambia Jumatatu apande taksi waende wote akaangalie, kakubali kwa kuguna. Kuna yeyote hapa aliyesomea maabara, Makerere au Mbarara? Njoo uniambie waliangalia masomo gani, kalamu ninayo mkononi.