Tupeane uzoefu: ulifiwa na mzazi, Pasaka ikakukuta msibani. Uliivukaje?

Mleta mada
Tumsifu Yesu Kristo, na Bwana asifiwe kwa ndugu wa makanisa mengine. Baba alifariki wiki ya pili ya Kwaresima. Majivu tulipakwa pamoja, mimi nimemshika kiwiko asiyumbe. Padri aliposema "u mavumbi wewe, nawe mavumbini utarudi", baba akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekumbushwa miadi. Sasa Pasaka ni wiki ijayo na mimi ni mwanakwaya. Nikiwaza kuimba Aleluya, koo linakaba. Naomba yaliyowakuta nyinyi wenyewe. Mahubiri nimeshasikia ya kutosha.

Kitindamimba
Pole sana ndugu yangu. Mama alitutoka Jumatano Kuu. Tukapanga mazishi Ijumaa, ndipo tukaambiwa kuanzia Alhamisi Kuu mpaka Jumapili ya Pasaka hakuna Misa ya mazishi. Akazikwa kwa ibada ya Neno tu. Nilikasirika, sitaficha. Mama aliyefua vitambaa vya altare miaka yote anazikwa bila Misa?

Jioni nikaingia kanisani. Altare tupu, haina hata kitambaa kimoja. Tabernakulo, kile kisanduku cha kutunzia Ekaristi, wazi, kengele kimya. Nikakaa pale nikaona kanisa zima limefiwa, si mimi peke yangu. Misa ya mama ilisomwa baadaye, lakini mimi nilifarijika siku ile. Hadi leo Jumamosi Kuu ndiyo siku yangu. Hakuna anayekulazimisha ufurahi.

Dada wa Kiti cha Nyuma
Mimi ni Mlutheri, na pia naimba kwaya. Pasaka ile sikufungua mdomo. Nilisimama tu katikati ya wenzangu, nikawaachia waimbe na sehemu yangu.

Mzee Kijana
Kilichoniumiza ni wafariji. "Usilie, amekufa kipindi kitakatifu." "Mungu amempenda zaidi." (Hilo la pili nalichukia mpaka kesho. Ina maana sisi tulimpenda kidogo?) Nikarudi Yohana 11. Yesu anajua kabisa atamfufua Lazaro, tena dakika chache zijazo, na bado analia. Kwa hiyo kujua kuna ufufuo hakukaushi machozi.

Halafu Maria Magdalena kaburini. Anaulizwa, "Mama, unalilia nini?" Hakuambiwa anyamaze. Yesu yuko mbele yake, naye anamdhania mtunza bustani, mpaka alipoitwa kwa jina lake. Nami nilikuwa hivyo karibu mwaka mzima. Hata Paulo kwa Wathesalonike anasema tusihuzunike kama wasio na matumaini. Kuhuzunika kwenyewe hakukatazi.

Wa Majilio
Wangu ulikuwa msiba wa mama, kipindi cha Majilio, watu wanajiandaa na Noeli. Kando ya jeneza waliweka mshumaa wa Pasaka. Nilikuwa nautazama tu kwa kukosa pa kuweka macho, nikaona tarakimu za mwaka zilizochorwa. Nikakumbuka mkesha wa Pasaka: moto nje, giza ndani, mshumaa huu huu unaingia ukiwa mrefu, na mama pembeni yangu anawasha kamshumaa kake kwa mwali wake. Sasa ulikuwa umefupika, umewashwa kwenye ubatizo na mazishi ya mwaka mzima. Sikusikia furaha yoyote. Niliwaza tu kwamba moto alioupokea usiku ule ndio huu unaomsindikiza.

Ila nisikudanganye, Noeli ile nililala mchana kutwa. Zaburi niliyoiweza ni ya 88, inayoishia gizani. Nilishukuru imo kwenye Biblia.

Mleta mada
Nimesoma zote, mbili nimezirudia. Nimeongea na mwalimu wa kwaya. Kaniweka mstari wa nyuma katikati ya besi wawili wenye sauti nene, kasema nikishindwa nisimame tu, wao watabeba. Baba naye alikuwa besi. Joho lake bado liko kwa fundi, alilipeleka likapunguzwe urefu. Kesho nalifuata.